Barua ya wazi kwa Tweede Kamer: Fungueni mlango mmoja kati ya miwili

Middelburg, Zeeland
Desemba 2025

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani na Mahusiano ya Ufalme wa Uholanzi,
na kwa Waheshimiwa Wabunge 150 wa Tweede Kamer (Bunge la chini),
Den Haag.

Waheshimiwa,

YAH: HAKI YA KUPIGA KURA KWA WAKAZI WA KUDUMU WASIO RAIA WA UHOLANZI

Kwa heshima na taadhima nawaandikia nikiwa mkazi halali wa nchi yenu tangu mwaka 2011, mwenye kibali cha kudumu, mhudumu katika makao ya wazee hapa Zeeland, na raia wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Kabla ya barua hii niliandika nyingine mbili kwa Kiholanzi, kwa njia ya kawaida na bila kelele. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa aya tatu na ofisi ambayo sitaitaja, na kiini cha aya hizo ni kwamba sheria ndivyo ilivyo, jambo ambalo nilikuwa nalijua, kwa kuwa ndilo lililonifanya nishike kalamu. Sasa naleta shauri hili hadharani, na kwa Kiswahili, ili wenzangu wengi tunaoishi nao hapa tukizungumza lugha hii walione na walipime. Nakala ya Kiholanzi imetangulia kwenu kwa posta.

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi wa Tweede Kamer, nilisukuma viti vinne vya magurudumu, kimoja baada ya kingine, kutoka kwenye makao yetu hadi kituo cha kupigia kura kilicho mtaa wa pili. Wazee wangu walikuwa wamevaa kama wanaokwenda kanisani. Mmoja wao, bibi wa miaka 91, hakuweza kutoka kitandani siku hiyo, akaniita na kunipa kadi yake ya kupigia kura, ile mnayoiita stempas, akiniomba nikampigie, maana sheria yenu humruhusu mtu kumkabidhi mwenzake kura yake. Ilinibidi nimweleze kwamba anayekabidhiwa ni lazima naye awe mpiga kura katika uchaguzi huohuo, na mimi siye. Alinitazama kwa muda. "Lakini wewe upo hapa siku zote," akasema. Kura yake ilipigwa na mpishi wetu, kijana wa Kiholanzi aliyeanza kazi mwezi Septemba.

Siku hiyohiyo Tanzania nako kulikuwa na uchaguzi mkuu. Huko nako sikupiga, kwa kuwa Mtanzania aliye ughaibuni hana utaratibu wa kupigia kura alipo, na intaneti ilipokatwa nchini sikuweza hata kumpata dada yangu aliye Tanga nimuulize hali. Hayo ya kwetu yana wenyewe wa kuandikiwa, wala siyaleti mezani kwenu ila kwa jambo moja: nchi mbili zilipiga kura siku moja, na mtu mzima anayezitumikia zote mbili hakuwa na kura hata katika moja.

Sina ugomvi na namna mnavyochagua. Kwa kweli nauonea wivu mfumo wenu, na wasomaji wenzangu waliozoea jimbo moja, mbunge mmoja, na anayeshindwa kwa kura kumi kuondoka mikono mitupu, wataniwia radhi nikiwaeleza kidogo. Hapa nchi nzima huhesabiwa kama jimbo moja. Kura zote halali hugawanywa kwa viti 150, na chama kinachofikisha sehemu moja ya mia na hamsini, ambayo mwaka huu ilikuwa takriban kura 70,000, hupata kiti. Karatasi ya kura ya mwaka huu ilikuwa na vyama 27, pana kama kitambaa cha meza, na vyama 15 vikaingia bungeni. D66 na PVV walitoka sare kwa viti 26 kila kimoja, na kilichowatenganisha nchi nzima ni kura zisizofika 30,000. Katika mfumo wa namna hii hakuna kura inayotupwa kwa sababu ya mahali ilipopigwa. Ndiyo maana swali la nani aruhusiwe kupiga kura lina uzito mkubwa zaidi hapa kuliko kwingineko, na ndiyo maana wakazi zaidi ya milioni moja wasio na uraia wenu, hata tukiwaondoa watoto na waliofika juzi, si idadi ya kupitwa kimyakimya.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Mpaka mliouchora haufuati maisha ya mtu, wala haufuati uzito wa chombo kinachochaguliwa. Katiba yenu iliporekebishwa mwaka 1983 ilifungua njia ya kumpa asiye raia haki ya kuchagua na kuchaguliwa katika baraza la manispaa, na tangu mwaka 1986 wakazi wa aina yangu waliotimiza miaka mitano mfululizo ya ukaazi halali wamekuwa wakipiga kura hiyo. Mimi nilianza tarehe 21 Machi 2018. Kwenye bodi ya maji, inayosimamia kuta za kuzuia bahari, pia nachagua. Lakini tarehe 15 Machi 2023, bodi za maji na mabaraza ya mikoa yalipochaguliwa kwa siku moja na chini ya paa moja, niliingia kituoni na kadi moja, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta akiwa na mbili. Msimamizi alinipa karatasi ya maji, ya mkoa akaiacha mezani, tena kwa upole, akiniomba radhi kana kwamba kosa ni lake. Maana yake ni kwamba mnaniamini juu ya kuta za bahari. Hapa Zeeland hilo si jambo dogo. Wazee ninaowahudumia bado wanausimulia usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953, bahari ilipovunja kuta na kuua watu 1,836 nchini humu, na yupo mmoja ambaye hadi leo hapati usingizi upepo ukivuma kutoka kaskazini-magharibi. Ikiwa naaminiwa kuwachagua wanaolinda uhai wa watu wanaoishi chini ya usawa wa bahari, sijaelewa ni siri gani iliyomo katika mambo ya mkoa, kama mkataba wa basi ninalopanda kwenda zamu ya usiku, inayonishinda mimi kuielewa.

2. Sababu inayotolewa kuhusu mikoa mmeshaitatua wenyewe, ila mbali na hapa. Tunaambiwa kwamba wajumbe wa mabaraza ya mikoa ndio wanaowachagua maseneta 75 wa Eerste Kamer, yaani Bunge la juu, hivyo asiye raia akipiga kura ya mkoa atakuwa amelitia mkono Bunge kwa mlango wa nyuma. Hoja hiyohiyo ilijitokeza katika visiwa vya Karibi vya Bonaire, Sint Eustatius na Saba, ambavyo ni sehemu ya Uholanzi tangu tarehe 10 Oktoba 2010. Mlifanyaje? Mlitenganisha kura mbili. Wakazi wasio raia waliotimiza masharti wakaruhusiwa kulichagua baraza la kisiwa, na tangu mwaka 2019 raia peke yao wakachagua chombo cha pembeni ambacho kazi yake ni kuwachagua maseneta. Mwaka 2022 mkaigusa Katiba tena, mkaunda chombo kama hicho kwa ajili ya Waholanzi wanaoishi nje ya nchi, na kikachaguliwa Machi 2023, siku ileile niliyozuiwa karatasi ya mkoa. Ufundi huo mnao. Kwa mikoa 12 ya huku bara haujatumika.

3. Msingi wenyewe hamuufuati. Mkisema kura ya Tweede Kamer ni ya raia kwa sababu ni raia, nakubali kwamba Mholanzi aliyezaliwa Arusha na ambaye hajawahi kukaa Uholanzi hata mwezi mmoja ana haki ya kujiandikisha, kutumiwa karatasi na kuirudisha kwa posta. Waliojiandikisha kutoka nje kwa uchaguzi wa mwaka huu walizidi 100,000, na sisemi hata mmoja wao anyimwe. Lakini Mholanzi mwenye pasipoti ileile, akiwa anaishi Aruba, Curaçao au Sint Maarten, visiwa vya Ufalme wenu, hapigi kura ya Tweede Kamer isipokuwa awe amewahi kuishi Uholanzi miaka 10 au awe katika utumishi wa umma wa Uholanzi huko. Najua visiwa hivyo vina mabunge yao. Hata hivyo ulinzi, mambo ya nje na sheria ya uraia wenyewe ni mambo ya Ufalme mzima, na kwa sehemu kubwa huamuliwa Den Haag. Kwa hiyo wapo raia wasio na kura kwa sababu ya mahali wanapoishi, na wapo wakazi wasio na kura kwa sababu ya pasipoti. Kila anapobadilika anayeachwa nje, sababu nayo hubadilika.

4. Hapa ndipo penye kiini cha barua hii, na naomba mnivumilie nikirefusha. Kila ninapolieleza jambo hili naambiwa: "Chukua uraia, utapiga kura." Ni ushauri wa haki, laiti mlango huo ungekuwa wazi. Anayeomba uraia wenu hutakiwa, pamoja na mtihani wa lugha na jamii ambao nimeufaulu, na ada inayozidi yuro 1,000, kuukana uraia wake wa kwanza. Nchi yangu nayo hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Nikiapa kwenu, siku mama yangu atakapofariki nitaingia Tanga kama mgeni, na shamba la minazi alilotuachia marehemu baba sheria ya ardhi italitazama kwa jicho jingine nikiwa si raia. Sidai kwamba Uholanzi ndiyo iliyoitunga sheria ya Tanzania. Nasema kwamba mnaijua, na mnaendelea kuuelekeza msafara wetu kwenye mlango ambao mmeuwekea komeo upande wenu.

Komeo lenyewe halimfungi kila mtu. Aliyeoana na Mholanzi husamehewa. Mkimbizi anayetambuliwa na sheria husamehewa, na kwa haki kabisa: mwenzangu wa zamu, mtu wa Bukavu, aliupata uraia kwa njia hiyo, akapiga kura asubuhi ya Oktoba kisha akaja tukagawana vitanda vilevile. Raia wa nchi zisizomruhusu mtu kuukana uraia wake, kama Morocco na Argentina, nao hubaki na vyote viwili, na Malkia Máxima, mzaliwa wa Argentina, ni mfano ambao hakuna Mholanzi asiyeufahamu. Sina neno juu yake, wala nchi haijatikisika kwa pasipoti zake mbili. Ila matokeo yake ni kwamba uraia pacha unapatikana kwa yule ambaye nchi yake inakataa kumwachia, na yule ambaye nchi yake inamwambia achague ndiye anayekosa. Katika makubaliano yao ya Mei 2024, vyama vinne vilivyounda serikali wakati ule vilikusudia kurefusha muda wa kungoja uraia kutoka miaka 5 hadi miaka 10. Waheshimiwa, mnaweza kusema kura ni ya raia tu, na hapo uraia uwe unafikika bila mtu kukatwa kitovu mara ya pili. Au mnaweza kusema uraia wenu ni wa aliyeacha kila kitu, na hapo kura ifuate ukaazi. Kuifunga milango yote miwili, kisha kumwambia mtu aliye barazani kwa miaka 14 kwamba hajabisha hodi, hilo ndilo ninalolipinga.

5. Mambo yanayotugusa zaidi hayaamuliwi manispaa. Kodi, makato ya matunzo ya muda mrefu, umri wa pensheni, sheria za ukaazi, yote ni ya Tweede Kamer. Katika kashfa ya posho za malezi ya watoto, ambayo iliifanya serikali ijiuzulu tarehe 15 Januari 2021, kutokuwa na uraia wa Uholanzi kulikuwa miongoni mwa viashiria vilivyomfanya mzazi ashukiwe udanganyifu. Serikali ilianguka kwa ajili ya watu ambao baadhi yao hawakuwa na kura ya kuiangusha wala ya kuiweka nyingine.

Najua majibu yatakayokuja, kwa kuwa baadhi nimekwisha kuyapata.

Mtasema Katiba inazuia, kwamba kuibadili kunahitaji kusomwa mara mbili, uchaguzi katikati, na theluthi mbili ya kura katika mabunge yote mawili. Ni kweli, na ni vizuri Katiba isiguswe ovyo. Lakini kumbukeni mwaka 1883. Daktari Aletta Jacobs wa Amsterdam aliomba kuandikishwa kuwa mpiga kura, kwa sababu alilipa kodi ya kiwango kilichotakiwa na sheria haikusema popote kwamba mpiga kura ni mwanamume. Walimkatalia, na Mahakama ya Juu ikamkatalia. Mwaka 1887 Katiba ikarekebishwa na neno "mwanamume" likaingizwa. Ilichukua miaka 4 kumfungia mlango. Kuufungua kulichukua hadi mwaka 1919, na wanawake wa nchi hii walipiga kura ya bunge kwa mara ya kwanza mwaka 1922. Mwaka 2008 mliirekebisha tena ili watu waliowekwa chini ya uangalizi kwa maradhi ya akili wasipoteze kura zao. Katiba yenu ina historia ndefu ya kuulizwa "na huyu je?", na mara nyingi imejibu, ingawa kwa kuchelewa.

Mtasema asiye raia moyo wake uko kwingine. Hofu hiyo ilisemwa pia kabla ya mwaka 1986, na manispaa zenu bado zinazoa taka na kujenga shule. Binamu yangu anaishi Leicester na pasipoti ya Tanzania, na huchagua mbunge wa Uingereza kwa sababu tu ni raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi kule kihalali. New Zealand wakazi wa kudumu wanachagua bunge tangu mwaka 1975. Malawi, jirani zetu, katiba yao inamruhusu asiye raia aliyekaa miaka 7. Hakuna hata moja kati ya nchi hizo iliyouzwa na wapiga kura wake wageni.

Mtasema pia kwamba hata kura ya manispaa tuliyopewa wengi wetu hatuitumii. Katika hilo nawalaumu wenzangu, na nimekwenda misikitini na makanisani kuwalaumu ana kwa ana. Lakini uchaguzi wa manispaa wa mwaka 2022 uliwavuta karibu nusu tu ya wapiga kura wote, Waholanzi wakiwemo, na sikusikia pendekezo la kuwanyang'anya haki hiyo waliobaki nyumbani.

Kwetu tuna msemo kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe nilipewa mapema, na sikulilalamikia hata siku moja. Kwa hiyo naomba haya.

Kwanza, sheria ya uraia ibadilishwe ili mkazi aliyetimiza miaka 5 na kufaulu mtihani asilazimishwe kuukana uraia wake wa kwanza, na mpango wa miaka 10 uwekwe kando. Hili halihitaji kuigusa Katiba wala kungoja uchaguzi mwingine.

Pili, muanze hatua ya kwanza ya kurekebisha Katiba ili wakazi wasio raia wachague mabaraza ya mikoa, kwa kutumia utenganisho uleule mlioufanya Bonaire. Sitegemei liwe tayari kwa uchaguzi wa mikoa wa Machi 2027. Nategemea liwe limeanza.

Tatu, kura ya Tweede Kamer kwa wakazi wa muda mrefu ijadiliwe bungeni waziwazi, na kila chama kati ya vyama 15 kiseme msimamo wake na sababu zake, ili hata atakayekataa akatae mbele yetu.

Nne, barua hii ijibiwe kwa maandishi, hoja kwa hoja. Aya tatu hazitatosha.

Uchaguzi wa manispaa ni tarehe 18 Machi 2026. Nimeshaomba nisipangiwe zamu ya asubuhi. Vituo vikifunguliwa saa moja na nusu nitakuwepo na kadi yangu na kitambulisho changu, kisha nitarudi kuwachukua wazee. Bibi wa miaka 91 amekwisha kuniambia kwamba ikiwa siku hiyo pia hataweza kutoka kitandani, kura yake atanikabidhi mimi. Hiyo ninaruhusiwa kuibeba.

Wasalaam,

Mhudumu wa wazee,
Middelburg